Marekebisho ya Ijumaa

Ratri hakutaka kukaa karibu na dirisha. Kutoka pale mto ulionekana, bado mwekundu kwa matope.

"Usijilaumu, Mbak, dada yangu," Bayu alimwambia. "Ulifuata utaratibu."

Ni Bayu huyuhuyu aliyetaka kuuvunja. Ijumaa asubuhi waligundua kosa katika programu yao ya tahadhari ya mafuriko: simu za vibonye zilikuwa hazipokei ujumbe. "Niache nitie kiraka sasa hivi, moja kwa moja," alisema. "Mistari miwili tu!"

"Kienyeji tena?" Ratri alimjibu. "Umesahau ya mwaka jana?"

Hakuna aliyesahau. Enzi hizo kila mtu katika ofisi yao ya Semarang alirekebisha programu huku inafanya kazi, kisha akapaza sauti tu: "Nimebadilisha, jamani!" Rekebisho moja la namna hiyo lilipeleka tahadhari ya uongo mji mzima, watu wakakanyagana. Ndipo Ratri akawawekea utaratibu: andika, mwenzako akague, ijaribiwe, mkuu aidhinishe, halafu itoke. Bayu akambandika jina la Ibu Hakimu, yaani Bi Hakimu.

"Jumatatu," Ratri alikata shauri. "Ikishajaribiwa."

Jumamosi mvua ilinyesha milimani kutwa nzima. Jumapili alfajiri mto ukavunja kingo. Wenye simu za kisasa walikimbia. Wazee wengi wa bondeni, wenye simu za vibonye, maji yaliwakuta vitandani.

Sasa Pak Hendarto, mkuu wao, alisimama mbele ya wafanyakazi wote. "Uchunguzi umekwisha," alisema. "Ratri hana kosa. Laiti sote tungekuwa na msimamo kama wake."

Wakapiga makofi ya taratibu, kama watu wanaoogopa kuamsha mgonjwa. Ratri aliinamisha kichwa. Uso ulimwaka moto.

"Na mama yako, kule bondeni?" Bayu alimnong'oneza. "Nimeogopa hata kukuuliza."

"Mzima. Aliondoka mapema."

"Alhamdulillahi! Nani alimwamsha?"

Ijumaa ile, Bayu alipokwenda kuswali, Ratri alikuwa ameifungua programu huku inafanya kazi, bila kukaguliwa, bila idhini ya mtu, akairekebisha kwa ajili ya namba moja tu ya simu: ya mama yake.