Nguchiro na Waya wa Jioni

Niwieni radhi, hekaya hii huwa naiharibu kila nikiisimulia, na leo sijapona.

Nguchiro, bingwa wa hasira, alitaka kumwona mama yake kwenye simu, maana alfajiri ya kesho yake mama angepasuliwa jicho. Jioni ile sura ya mama ikaganda, mdomo wazi.

Akamvamia Fuko, fundi aliyetandaza waya chini ya ardhi. "We Fuko! Intaneti yangu umempa nani?"

"Waya ni mmoja kwa mtaa mzima, bwana mkubwa. Mchana wenzio wako mawindoni, unajinafasi. Jioni wamerudi, kila shimo lina tamthilia yake. Waombe wapumzike kidogo."

Nguchiro akajirekodi video ndefu, machozi tele: "Jamani, zimeni nimwone mama!" Akaitupa kwenye kundi la majirani. Wote wakaifungua kwa mpigo. Kanga akajibu kwa video ya pole, Nyani kwa video ya dua.

Hata ile sura iliyoganda ikatoweka.

"Nani kaimaliza intaneti?"

"Huruma, bwana," akasema Fuko.

Nguchiro akashika njia kwa miguu kwenda kwa mama. Nanyi msimcheke Nyani wala Kanga: mimi ile video niliitazama hadi mwisho, nikalia, nikairudia.