Fulana ya Kombo

Siku hizi kila mtoto anayejifunza kutembea lazima avae fulana ya serikali. Ikihisi anayumba, inajaa hewa na kumsimamisha kabla hajagusa chini. Mtaa mzima hauna goti lenye kovu.

Shida ya Mwanamvua ilikuwa mwanawe Kombo. Anakaribia miaka miwili, lakini akivuliwa fulana aoge anakaa kitako, ananyoosha mikono abebwe.

Jumamosi, nyumba imejaa wanawake wanasukana, Mwanamvua akamvua, akaitundika fulana msumarini.

“Shoga, una wazimu?” jirani yake Bi Mtumwa akamaka. “Itakushtaki, watu wa serikali waje!”

“Waje, chai ipo.”

Akamsimamisha Kombo katikati ya mkeka. Kombo akapiga hatua, akaanguka puu! Mwanamvua akaikalia mikono yake asimwinue. Mtoto akalitazama goti, akamtazama mama, kisha akabinua matako, akasimama peke yake. Akacheka, akaenda hatua tatu, akaanguka tena.

Vigelegele vikapasua bati. Bi Mtumwa kimya kimya akaanza kumfungua mjukuu wake vifungo vya fulana.

Pale msumarini, fulana tupu ikajaa hewa, ikaanza kulia, ikitafuta mtu wa kumshika.