Somo la Viungo vya Mwili

Rosemery alitoka ndani amevaa koti la Mwalimu Hilary, miwani ya Mwalimu Hilary puani, na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Hakuwa amemwomba mtu. Yeye na mwalimu walikuwa watani tangu enzi za babu zao, kwa hiyo ruhusa aliona anayo.

"Gudi moningi, vilaza wangu," alisema kwa sauti ya puani, ile ile ya mwalimu.

Ua wote wa nyumba ile ya Mlabani ukaangua kicheko. Wanafunzi wa darasa la jioni la Kiingereza walikuwepo wote: wauza mchele wa Kibaoni, waendesha bodaboda, hata Kelestini seremala, ambaye hakuwahi kuvuka somo la tatu. Mwalimu Hilary alikuwa mbele yao, na siku hiyo hakumsahihisha mtu.

Ambaye hakucheka ni mmoja tu, Mama Oliva, mke wa mwalimu. Tangu juzi alikuwa amefunga mdomo. Hasemi, hali, hamtazami mtu. Rosemery alikuwa amejiapiza kwamba mama yule hainuki kwenye kiti kile bila kucheka. Akishindwa, utani wake wote ni kazi bure.

"Kelestini, simama. Mguu kwa Kiingereza?"

Kelestini alisimama, vumbi la mbao bado limejaa nyweleni. Akautazama mguu wake.

Rosemery akaanza kuyumba, akaenda upande upande mpaka akawaangukia wazee kwenye benchi.

"Nimetoka kilabuni. Mguu umefanyaje?"

"Umelegea."

"Basi ni *leg*. Kaa chini, unachelewesha maendeleo ya taifa."

Kisha akajitia kidole nyuma ya miwani. "Ai!"

"*Eye!*" darasa likaitikia kwa pamoja. Mzee Ildefonce alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akaiokota, akasahau kuivaa.

Mama Oliva alikuwa anatazama mikono yake.

Jasho lilianza kumtoka Rosemery. Wanawake walishaepua ubwabwa, na wenye haraka walikuwa wanachungulia saa. Alibakiwa na neno moja, ambalo mwalimu alilifundisha kila mwaka kwa mzaha uleule wa kumchokoza mkewe.

"Kidevu?"

Wote walilijua jibu. Hakuna aliyethubutu kulitoa.

"*Chin*," alisema Mama Oliva polepole.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu kiko chini. Chini ya mdomo wa Oliva, na maskini hakijawahi kupumzika."

Akacheka. Alicheka akajishika mbavu, akampiga Rosemery kofi la bega, akamwita mwehu, na ua wote ukacheka naye. Rosemery alifurahi mpaka akataka kuruka. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea.

Rosemery alivua koti. Akasogea mbele, kwenye jeneza ambalo Kelestini alikesha akiligonga misumari, akainua kitambaa cheupe, akamvalisha mwalimu wake miwani.

"Haya," aliwaambia vijana waliokuwa wanasubiri. "Mfunikeni."