Jumapili ya Picha za Nyimbo

Wimbo ulipoanza niliuchukua mkono wa mume wangu nikauweka gotini kwangu, kama ninavyofanya kila Jumapili mchana kwenye banda la video hapa Korogwe.

Jumapili wanaonyesha picha za zamani za Kihindi, zile za kuimba. Mume wangu ana ugonjwa wa kusahau, nyumbani hanijui tena. Lakini nyimbo hizi zikianza hunijua. Vidole vyake hupiga ngoma gotini kwangu, huniita Chausiku, na mpaka wimbo uishe nina mume.

Leo vidole vilitulia tu. Vilikuwa baridi, na kucha nilizomkata asubuhi ziling'aa kwa mwanga wa picha.

"Bibi harusi, bwana kanuna leo?" mama mmoja akatutania kutoka nyuma. "Au umemnyima chai?"

"Anausikiliza kwanza," nikamwambia.

Nikamwimbia sikioni kwa Kihindi changu cha kubahatisha. Nikamgongea mdundo kiganjani. Mwimbaji akapandisha sauti, pale ambapo mzee hucheka kila mara.

Akauondoa mkono wake polepole, akauweka mapajani mwake. Akanitazama kwa adabu, kama mtoto aliyekalishwa karibu na mgeni.

"Shikamoo, mama," akasema.

Miaka arobaini na minane nimekuwa mimi wa kumwamkia yeye. Nikangoja, labda atacheka. Kumbe naye alikuwa ananingoja, kichwa kakiinamisha.

Shikamoo haiachwi bila jibu.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.