Lenzi Pana ya Marehemu

Mjukuu wangu Nasur alitoka Koboko kuja Arua kwangu mimi Dede, bibi yake, kuchagua lenzi moja kati ya mbili za marehemu babu yake. Alizipuliza kama mtu anayepoza uji, akazisifu kwa Kizungu.

"Hii pana iko safi kwa picha za barabarani, Dede," akasema. "Lakini inataka usogee karibu sana na mutu."

"Na mutu anauma?"

Alifunga ile ndefu kwenye kamera ya babu yake, akajibanza nyuma ya nguzo ya baraza, akamlenga muuza muhogo wa ng'ambo ya barabara kama anayevizia panya. Mwanaume mzima, mwenye ndevu zake!

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Haina mkono, lakini inafungua kila mlango."

"Sijui, Dede. Chukua mji. Chukua Koboko yote."

Mji wa mama yake alinipa bila hata kushusha kamera.

"Salamu," nikasema. "Babu yako alisalimu kwanza, akaonja muhogo, ndipo akapiga picha."

Muuza muhogo alikuwa ameshamwona. "Wewe wa nyuma ya nguzo!" akaita akicheka. "Unatafuta choo? Njoo huku!"

Nasur aliitazama lenzi pana mezani, shaba yake imesuguliwa na kidole gumba cha babu yake mpaka ikang'aa. Nikangoja.

"Nachukua ndefu," akasema.

"Chukua," nikasema, nikanyoosha mkono. "Lenzi ni yako. Kamera ni ya mume wangu. Lete."