Seva Mbili za Bi Mwajabu

Sheria inataka kumbukumbu za kila mzee zihifadhiwe kwenye diski za wingu, zimfikie kupitia kifaa cha sikioni. Nyumbani lazima ziwepo seva mbili: moja imhudumie, nyingine isubiri kuipokea ikizimika. Za mama mkwe wangu, Bi Mwajabu, nilizifunga mwenyewe. Fundi wa nini, na mimi nina diploma?

Nilizijaribu akiwa anakunywa uji. Nikazima seva ya kwanza. Kikombe kikasimama karibu na mdomo, kisha ya pili ikapokea, naye akanigeukia.

"Mama Ramla, uji hauna sukari tena!"

"Amerudi na ukali wake," mume wangu Sefu akacheka.

Nikaiwasha ile ya kwanza, nikasahau kuiamuru isubiri. Zote mbili zikaanza kumhudumia. Kikombe kikaanguka.

"Sefu, mwanamke huyu ni nani?" akauliza. Halafu, kwa mdomo uleule: "Nyamaza wewe! Huyo ni mkwe wangu."

"Zima moja!" Sefu akapiga kelele.

"Ipi? Zote zinaandika kwenye diski zilezile. Nikikosea, tumempoteza."

Bi Mwajabu akanishika mkono.

"Usinizime, mwanangu," akasema. Akavuta pumzi. "Muongo huyo. Mzime yeye."