Damu Safi ya Kafedha

"Soma kwa sauti, daktari," alisema Kafedha. "Na walio nyuma wasikie."

Ukumbi wa chakula wa kiwanda cha magunia, huko Changamwe, ulikuwa umejaa. Washonaji walikaa upande mmoja, wengi wameficha mikono mapajani kwa aibu ya vifundo vilivyovimba. Mbele waliketi meneja, Dakta Tinga anayelipwa na kampuni, na Bi Quinter, afisa wa kazi aliyetumwa na serikali. Aliyesimama ni Kafedha peke yake.

Wanawake walikuwa wamelalamika kwamba mashine zinawaumiza mikono. Meneja akasema ni uvivu, na damu ndiyo itakayoamua. Pascalia, aliyeshona kando ya Kafedha, alipimwa akiwa hawezi hata kukamua nguo. Dakta Tinga akasema damu yake ni safi, naye Pascalia akafukuzwa kazi kama mwongo. Sasa ilikuwa zamu ya Kafedha, na akianguka yeye, wenzake wote wameanguka.

"Kwanza ulichelewa kuniletea chupa," daktari alimkaripia.

Maabara yake iko Kisauni. Muuguzi hutoa damu hapa kiwandani, kisha kila mshonaji hubeba chupa yake mwenyewe mpaka huko, maana kampuni haiwezi kuchoma mafuta ya gari kwa ajili ya damu ya mshona magunia.

"Niwie radhi. Nilipitia Kongowea kwa mume wangu."

"Kwa Ngumbao, muuza kuku?" Meneja alicheka. "Ama kweli mgonjwa huyu ana nguvu. Mpaka sokoni anazunguka."

Kafedha alimkazia macho mpaka kicheko kikamkauka.

Dakta Tinga alifungua bahasha. "Kipimo hiki kinaitwa CRP. Kinatafuta moto ndani ya mwili. Viungo vikivimba, ini humwaga protini fulani kwenye damu, na namba hupanda. Hakikuambii ugonjwa ni upi, lakini moto ukiwapo kinauona. Chini ya tano, hakuna moto."

"Yangu ni ngapi?"

"Mbili."

"Na kile kingine, cha kuangalia damu inavyotuama kwenye mrija?"

"ESR. Ukiwa na uvimbe, chembe huzama haraka. Zako zinazama polepole, sawasawa kabisa."

Nyuma mwanamke mmoja alianza kulia. Kafedha aliijua sauti ile, na ilimuuma, lakini hakugeuka.

"Umepima mwenyewe, daktari?"

"Kwa mikono yangu hii."

"Ukaitazama kwa darubini?"

"Mama, nimeitazama chembe kwa chembe. Ni damu ya kundi O, ya mwanamke mwenye afya njema. Unafaa kazi."

"Basi tia sahihi hapo, Bi Quinter akiona."

Daktari alitia sahihi, akagonga na muhuri juu yake, kwa madaha. Bi Quinter aliivuta karatasi karibu naye, akaisoma, kisha akamtazama Kafedha kwa huruma.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema meneja, akiinuka. "Wewe na wenzako mkachukue vitu vyenu."

"Ni fupi kweli," alijibu Kafedha. "Keti kwanza, bwana. Hatujafika mwisho wake."

Meneja alibaki nusu amesimama, nusu ameketi.

"Una neno, mama?" aliuliza Bi Quinter.

"Ninalo."

Kafedha aliinua mikono yake juu, watu wote waione. Vifundo vilikuwa vyekundu, vimejaa, na vidole havikunyooka. Nyuma yake, mmoja mmoja, washonaji wengine nao walitoa mikono mapajani, wakainua.

"Damu yangu mimi bado haijapimwa, Bi Quinter. Niliimwaga mtaroni pale Kongowea. Iliyokuwa chupani ni ya jogoo aliyechinjwa na Ngumbao. Kumbe alikuwa anafaa kazi, nasi tukamla Jumapili."